Alama ya Kushoto

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama. Mimi mwanao sijambo. Naandika nikiwa nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya kabati fupi la nguo, na sababu ya kusimama utaijua huko mbele. Vipi wewe? Magoti yamepoa kidogo, au bado yanakusumbua ukikanyaga cherehani muda mrefu? Mjomba naye na kikohozi chake? Na Tonge wangu, bado analala ameshika sikio? Uliniambia ameanza kuficha vitu, kwamba ulitafuta mkasi mdogo asubuhi nzima ukaja kuukuta ndani ya kiatu cha mjomba. Nilicheka peke yangu humu chumbani hadi nikajishika tumbo.

Kabla hujaendelea, nakuomba uingie chumba cha cherehani ujifungie, uweke kiti mlangoni kama unavyofanya ukimpima mteja. Barua hii ni ya macho yako tu. Ningepiga simu, lakini simu yako ni ya nyumba nzima. Ukiipokea tu, mjomba anauliza nani huyo, jirani anasalimia kupitia dirishani, na Tonge anataka kubonyeza. Haya mambo hayasemeki kwenye simu ya namna hiyo. Hata kwenye karatasi yanasemeka kwa shida, maana nimeshachana mbili.

Nianze na lililo jepesi. Nilikwambia madaktari bado wamenishikilia. Si kweli. Waliniruhusu kitambo. Niko kwenye chumba cha kupanga nyuma ya kwa dobi, karibu na hospitali. Chumba kina joto la pasi mchana kutwa na harufu ya sabuni inaingia hadi kitandani, na harufu hiyo ndiyo iliyonifanya nikipende. Baba Tonge anajua niko hapa. Nilimwapisha asikwambie, kwa hiyo usimgombeze yeye, nigombeze mimi. Nimeruhusiwa kurudi kwa mwanangu na sijarudi. Kila asubuhi nasema leo, na jua likizama nipo palepale. Nataka nikueleze kwa nini, halafu nikuombe unipokee.

La pili. Nilikwambia nimepasuliwa kizazi. Kizazi hakikuguswa na kisu, ingawa daktari alishaniambia mionzi imekikausha na huenda Tonge akabaki peke yake, bila mdogo. Hilo tutalililia siku nyingine tukiwa pamoja. Ugonjwa wangu ulikuwa kansa, mama, na ilikaa chini kabisa mwa utumbo, pale karibu na kutokea. Ona, hata kuandika nazunguka. Kansa ya njia ya haja kubwa. Basi, nimeandika.

Unakumbuka baada ya kumzaa Tonge nilikuwa nafua nguo zangu za ndani mwenyewe, sitaki mtu azishike? Nilikuwa natoka damu. Nikajiambia ni bawasiri, wanawake wengi huipata wakijifungua, itapita. Nikapaka dawa za kupaka. Nilipokwenda kituo cha afya, mhudumu akaniambia nilale ubavu anipime kwa kidole, nikamwambia imeshakauka, nikavaa viatu nikatoka. Nilimwonea haya mtu ambaye kazi yake ni hiyo kutwa nzima. Siku nilipokubali, mama, kidole hakikumaliza hata kuingia, kikawa kimeshaigusa hiyo kansa. Ilikuwa karibu hivyo. Wewe na dada zako, nawaomba, akiona mtu damu asifanye kama mimi.

Daktari wa upasuaji tulimwita Mzee Taratibu, kwa sababu ya maneno yake. Akianza sentensi unaweza kwenda msalani ukarudi ukamkuta hajafika mwisho. Mwanzo alinitia wasiwasi, baadaye nikamshukuru, maana yote aliyoniambia niliyaelewa. Kwanza walinipeleka kwenye mashine ya mionzi pamoja na vidonge, majuma kadhaa, ili kile kivimbe kinywee kabla ya kukatwa. Hicho ndicho kipindi nilichokwambia naongezewa damu. Kilinywea kweli. Wakapiga picha nyingine, akaniita, akachukua karatasi akachora bomba, na chini ya bomba akachora pete.

Akasema hii pete ni msuli unaobana. Ndio unaokufanya usubiri hadi ufike chooni. Kivimbe chako kimekaa hapa, juu ya pete kidogo tu. Nikikata chini yake nikapata ukingo mzima usio na ugonjwa, nitaushusha utumbo wa juu na kuushona na sehemu ya chini iliyobaki. Utakwenda haja kama watu. Kwa miezi michache nitakutolea utumbo mwembamba tumboni upande wa kulia, uwe na mfuko, ili ule mshono wa chini upumzike usipitishe kitu mpaka ukauke, halafu nitaurudisha ndani. Hiyo ni njia ya kwanza. Lakini kama ugonjwa umeshika pete yenyewe, nitatoa vyote, pete na kila kitu, nitakufunga huko nyuma moja kwa moja, na utumbo mpana nitautolea tumboni upande wa kushoto. Huo mfuko utakuwa wa maisha. Picha inaonyesha ugonjwa umesogea mbali na pete, akasema, lakini mionzi huacha makovu, na picha haitofautishi vizuri kovu na ugonjwa. Nitajua nikifika.

Nilimwuliza anahitaji ukingo wa kiasi gani ili aweze kushona. Akaangalia mkono wake, akanionyesha ncha ya kidole kidogo. Nikamwambia mimi nikishona gauni naacha zaidi ya hapo. Akacheka taratibu vilevile, akasema basi wewe fundi unanielewa kuliko wengi. Nilimwelewa sana, mama. Nani asiyejua kwamba kitambaa kikikatwa hadi kwenye mstari hakishoneki? Nikatoka pale nikiwa na neno moja tu kichwani: kulia. Mungu nipe kulia. Nilimwambia na baba Tonge itakuwa kulia. Nilisema kama mtu aliyeahidiwa.

Sasa nikujulishe mtu mwingine. Pale wodini kuna nesi ambaye kazi yake ni watu wa mifuko. Tulimwita Sista Kalamu, kwa kuwa anachomeka kalamu kwenye nywele na kutwa anaitafuta. Mama mtu mzima, mnene kidogo, mkali wa usafi, anacheka kwa pua. Siku moja kabla ya operesheni alikuja kunichorea. Unajua wanachofanya? Wanachora tumboni mahali tundu litakapotokea, kabla hujalazwa mezani, kwa sababu tumbo la mtu aliyelala ni tambarare, na tumbo la mtu aliyekaa lina mikunjo yake. Mfuko ukibandikwa penye mkunjo hautulii, unabanduka.

Alinigeuza yule mama kama mimi ninavyomgeuza mteja wa gauni la harusi. Simama. Kaa. Inama uokote kitu. Vaa sketi yako pale unapofungia kila siku, si pale unapofungia ukija hospitali. Akaniambia nikae kama niko kwenye cherehani, nikakaa, nikainamia meza, akapitisha kidole kwenye mikunjo. Halafu akanipa mto, akasema, huyu ndiye mwanao, mbebe. Nikaupakata ule mto kushoto, kama ninavyombeba Tonge, mkono wa kulia ubaki na kazi. Akasema sawa, nimeona miguu yake inaangukia wapi. Akachora alama ya kulia, kisha akachora ya kushoto, juu kidogo ya mshipi wa sketi, mbali na mkunjo, mahali ambapo mtoto hatapiga teke. Duara dogo jeusi lenye msalaba katikati. Akafunika kila moja kwa plasta inayoonyesha, akaniambia nioge lakini nisisugue hapo. Moja tu ndiyo itakayotumika, akasema, ila lazima zote mbili ziwepo.

Akatoka akiwa ameisahau kalamu kitandani kwangu, akarudi kuifuata, wodi nzima ikacheka.

Operesheni ilichukua muda mrefu. Nilipozinduka, kitu cha kwanza si maumivu, mama, ni mkono. Mkono ulijipeleka wenyewe. Ukaenda kulia, ukakuta ngozi. Nikaupeleka tena, labda nimekosea, labda dawa zinanichezea. Ngozi. Nikabaki nimeuweka pale sijui kwa muda gani, kwa sababu upande wa kushoto sikutaka kuugusa. Mwishowe niliugusa. Mfuko ulikuwepo, una joto. Hakuna mtu aliyelazimika kuniambia kitu.

Mzee Taratibu alikuja akakaa kwenye kiti, akanieleza kwamba alishuka hadi chini na ugonjwa ulikuwa umeushika ule msuli, hakikubaki kitambaa cha kushonea. Alisema hivyo, kitambaa, kwa ajili yangu. Baadaye majibu ya kipande walichokata yalitoka, kingo zote safi. Nilitakiwa nifurahi. Na sasa nafurahi, mama, nikupe na wewe ufurahi: wamesema wametoa yote. Wananiangalia, nitakuwa narudi kupimwa, lakini wametoa yote. Kule nyuma walikofunga ndiko kunakonifanya nisimame. Kidonda kinapona, ila kukaa bado ni kazi, nakaa kama mtu aliyekalia yai.

Lakini ule mfuko ulianza kuvuja siku ileile niliyoamka kukaa. Sista Kalamu anabandika, naketi, unabanduka. Anabandika tena. Tundu lilikuwa limewekwa palepale kwenye mkunjo, chini ya alipochora yeye. Mzee Taratibu alipopita na wenzake akaangalia, akauliza kwa nini alikuta alama ya kulia tu, ya kushoto hakuna, hata ikambidi akadirie mgonjwa akiwa amelala. Sista akasema alichora zote mbili. Mkuu wa wodi akasema mbona ya kushoto haikuonekana. Sista akasema, mimi nakumbuka nimechora, au labda namkumbuka mgonjwa mwingine, siku ile tulikuwa na wengi. Mzee Taratibu akanigeukia mimi akaniuliza kwa upole kama kulikuwa na alama ya kushoto. Nikasema sikumbuki, niliogopa sana siku ile. Nikavuta shuka.

Mkuu wa wodi akasema, mbele yetu sisi wagonjwa, kwamba Sista apumzike kuchora watu, labda miaka imeanza kumvuta. Kuanzia hapo wakamweka kugawa bandeji na kupanga foleni. Alikuwa ananisalimia vizuri tu. Lakini nilimwona akihesabu mikasi kwenye sinia, akimaliza anaanza upya.

Waliponiruhusu nikaja hapa kwa dobi. Baba Tonge alipopata nafasi ya kupita na lori lake akalala siku mbili. Alinisaidia kubadilisha mfuko bila kukunja uso hata kidogo, na ulipotoa mlio wake, maana unalia mama, hauchagui wakati, yeye akaitikia naam. Nililia na kucheka kwa pamoja. Alitaka anichukue twende nyumbani. Nikamwambia bado, unavuja, nisije nikamchafulia mtoto. Alisema Tonge mwenyewe alimtapikia yeye baba yake kwenye shati la harusi ya shangazi na hakuna aliyempeleka kupanga chumba. Aliondoka ameudhika.

Kisha wewe ukampa Tonge simu. Nikamwita. Akasikiliza, akakwambia, bibi, kuna mtu. Akakurudishia. Mama, nimekuwa mtu.

Kesho yake nikaoga vizuri, nikabandika mfuko mpya, nikachukua gauni nililomshonea, nikaenda kituo cha mabasi. Nilifika mapema nikakaa ukumbini kwenye benchi, nimekalia mto wangu. Pembeni yangu akaja mama mwenye mtoto mchanga, tukaanza kuzungumza, akanionyesha mtoto alivyo na nywele. Nikahisi joto linashuka. Nikabana kwa mkono. Harufu ikatoka. Mzee aliyekuwa mbele yetu akahamia benchi jingine. Yule mama akacheka, akamwambia mtoto, wewe nawe, si nimekubadilisha sasa hivi, unanitia aibu mbele za watu. Akaomba radhi kwangu. Kwangu, mama. Akambeba mtoto kwenda kumbadilisha, akarudi, akasema mbona ni mkavu, huyu atakuwa ana tumbo baya. Akaanza kuwa na wasiwasi, akamgusa paji la uso, akamsikiliza kifua. Nami nimekaa pale nimebana gauni la Tonge tumboni, sijasema neno.

Basi likaja likaondoka. Nilirudi huku chumbani kwa miguu, na njia nzima sikuwa nafikiria mfuko. Nilikuwa namfikiria yule mtoto niliyemwachia lawama, na yule nesi anayehesabu mikasi.

Mama, ile alama niliifuta mimi.

Jioni ile kabla ya operesheni niliingia bafuni, nikabandua plasta ya kushoto, nikasugua kwa sabuni na kitambaa mpaka ngozi ikawaka. Ya kulia sikuigusa, nilimimina maji pembeni yake kama mtu anayeogesha kichanga. Wewe ndiye uliyenifundisha kukata. Nilipokuwa mdogo ulinipiga kibao cha mkono kila nilipopeleka mkasi mahali ambapo hujachora kwa chaki, hadi mkono wangu ukajifunza wenyewe kusimama chaki inapoishia. Basi nikawaza, daktari akifika pale asikute mstari wa kushoto, mkono wake utasimama. Atasita. Atajitahidi zaidi na ile njia ya kwanza, atatafuta hicho kitambaa cha ncha ya kidole mpaka akipate. Nilidhani nikifuta chaki nimefuta na gauni. Nilirudi kitandani nimefurahi, usingizi ukanichukua kama mtu aliyemaliza kazi ya wateja wote.

Sikuwa na homa, wala sikuwa nimepewa dawa. Nilikuwa na akili zangu, na nilifanya. Halafu Sista akaulizwa mbele yangu, na mimi nikasema sikumbuki.

Asubuhi iliyofuata baada ya lile basi kuniacha, nilikwenda kliniki. Nilimkuta Sista kwenye kimeza cha bandeji. Nilimwomba tuongee, akanipeleka kwenye kichumba cha kubadilishia mifuko, akadhani nimevuja. Nikamwambia hivyohivyo nilivyokuandikia wewe, ila nilichanganya, nilianza na sabuni. Hakunikatiza. Nilipomaliza akakaa kwenye ndoo ya takataka, ile yenye kifuniko, akavua miwani.

“Kumbe sijachanganyikiwa,” akasema.

Akarudia tena, kama anajaribu kiatu. Akanieleza kwamba siku hizi akitoka nyumbani anarudi kuangalia jiko kama amelizima, anafika barabarani, anarudi tena. Kwamba amemwambia mwanawe wa kwanza aanze kumshikia kadi ya benki, asije akaisahau mahali. Mama yake mzazi aliwasahau wote kabla ya kufa, hata majina, na yeye alijua zamu yake imefika. Alikuwa analia mama, machozi yanashuka mpaka kidevuni, na wakati huohuo anacheka kwa ile pua yake. Mimi nikapiga magoti nimshike miguu, akaniambia simama, utafumua mshono.

Halafu akakasirika. Alikasirika vizuri. Akasema haya maneno usiniambie mimi kwa siri humu chumbani, mimi niliumbuliwa mchana mbele za watu. Twende.

Tukaenda. Mzee Taratibu alikuwa na wanafunzi wake, na mkuu wa wodi alikuwepo. Nilitaka ardhi ipasuke, mama. Niliangalia viatu vyao tu. Nikasema, Sista alichora zote mbili, mimi nilifuta ya kushoto, na nilipoulizwa nilidanganya. Mkuu wa wodi akaniuliza kwa nini, nikasema nilitaka aniwekee kulia. Hakuna aliyecheka. Mzee Taratibu akasema alipokosa ile alama ilimpasa asimame amwite Sista kabla ya kukata, naye hakumwita, kwa hiyo kosa hilo asibebeshwe Sista wala mgonjwa peke yake. Na akaniambia jambo ambalo nalibeba mpaka sasa. Hata ungefuta tumbo zima, akasema, ugonjwa ulikuwa kwenye msuli. Hakuna nilichokuwa nakunyima. Mkuu wa wodi akamwomba Sista radhi, kwa sauti ileile aliyomsemea, na Sista akamjibu kwamba kalamu anayo.

Wamesema kidonda cha nyuma kikishapona vizuri watalihamisha tundu, operesheni ndogo, walitoe kwenye mkunjo. Kwa sasa Sista amenipa aina nyingine ya mfuko, yenye pete iliyobinuka inayojaza ule mkunjo, na mkanda wa kushikilia. Tangu hapo haujavuja. Nimeinama, nimekohoa, nimefua, nimembeba mtoto wa dobi na kumrusha juu. Haujavuja. Alitaka na alama mpya iwepo kwa ajili ya huko mbele. Alinikalisha, akachomoa kalamu kichwani, badala ya kunichora akanipa mkononi.

“Chora wewe, fundi.”

Nikachora. Akaangalia, akaniambia umepotoka, panda kidogo. Nikafuta kwa mate, nikapandisha, akakubali.

Sasa unajua yote, mama. Sikuogopa mfuko kama nilivyojidanganya. Niliogopa unipokee kama mgonjwa asiye na kosa, unipikie, unifulie, na kila ukinisafisha nikivuja uwalaani manesi, na mimi ninyamaze tena.

Nakuja na basi la asubuhi Jumamosi. Usimwite mtu aje kunipokea. Nakuomba uniwekee mto laini kwenye kile kiti cha dirishani, na bafuni mjomba agonge msumari wa kutundikia vitu, usawa wa kifua changu, na iwepo ndoo yenye kifuniko. Majirani wakikuuliza, usiseme tena kizazi. Waambie ni utumbo, ametobolewa tumboni, anaendelea vizuri. Mwenye kutaka kujua zaidi nitamweleza mwenyewe, nimeshazoea sasa kusema nikiangalia viatu vya watu.

Tonge usimlazimishe kuja kwangu. Mwache anichungulie mpaka achoke. Akikubali, nipe kwa upande wa kulia. Sista amenifundisha, mkono wa kulia unambeba, wa kushoto ndio unabaki na kazi. Atashangaa mwanzoni, hata mimi nashangaa, mkasi unanitoka kwa mkono huo. Tutazoea wote wawili.

Nisalimie mjomba na umwambie achunguze viatu kabla ya kuvaa. Wasalimie dada zako wote na wateja wa siku zote. Nakutakia magoti yasiyouma na uzi usiokatika mpaka tutakapoonana.

Ni mimi mwanao mkosefu,
Mama Tonge

Gauni lake ni la njano, lina mifuko miwili mbele ya kufichia vitu. Nilikadiria urefu kwa kumbukumbu tu, maana sijui amekua kiasi gani. Pindo nimeliacha refu, mama. Lipo la kutosha kushushia.